Mshipa, Neva na Msuli: Nafasi ya Kiswahili katika Upimaji wa Maradhi ya Neva na Misuli



1.0 Utangulizi

Mgonjwa anapomweleza daktari kwamba "mshipa wa mkono unavuta na kidole kimekufa", anatamka sentensi ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anaielewa. Hata hivyo, uelewa huo ni wa juujuu. Mshipa unaotajwa waweza kuwa wa damu, waweza kuwa wa fahamu, na waweza kuwa kano inayounganisha msuli na mfupa. Kidole "kilichokufa" chaweza kuwa kimepoteza hisi, kimepoteza nguvu, au vyote viwili. Katika mazungumzo ya barazani utata huo haumdhuru mtu. Katika chumba cha upimaji, utata huohuo huamua ni wapi sindano itachomwa.

Mhadhara huu unachunguza lugha inayotumika pale maradhi ya neva na misuli yanapopimwa. Hoja yake kuu ni moja: upimaji wa aina hii huanza na neno kabla ya kuanza na umeme, na mashine haina uwezo wa kusahihisha swali lililoulizwa vibaya. Kwa sababu hiyo, kazi kubwa inayowangojea wanaisimu katika uwanja huu si kubuni jina la mashine. Kazi kubwa ni kuchambua na kusanifisha maneno ya kila siku ambayo mgonjwa na mpimaji hukutana nayo: majina ya viungo, vitenzi vya hisi na vitenzi vya amri.

2.0 Kipimo Chenyewe

Kabla ya kuijadili lugha, ni vema kueleza kwa muhtasari kile kinachopimwa. Mwaka 1791, Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya miguu ya chura, akaonyesha kwamba kuna uhusiano kati ya umeme na kusinyaa kwa msuli. Mwaka 1850, Hermann von Helmholtz alipima kasi ya mpito wa taarifa katika neva ya chura, jambo ambalo wanasayansi wengi wa zama zake walidhani haliwezekani. Alipata kasi ya takriban mita 25 hadi 38 kwa sekunde. Mwaka 1929, Edgar Adrian na Detlev Bronk walieleza namna ya kutumia sindano maalumu inayonasa umeme wa msuli ukiwa ndani ya mwili. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1940, kasi ya neva za binadamu ilikuwa ikipimwa kwa elektrodi zilizowekwa juu ya ngozi.

Leo kipimo hiki kina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni upimaji wa upitishaji wa neva. Elektrodi hubandikwa kwenye ngozi, umeme mdogo hupitishwa juu ya neva, kisha mashine hurekodi muda ambao taarifa imechukua kufika na ukubwa wa mwitiko wake. Kwa mtu mzima mwenye afya, kasi katika neva za mkono aghalabu ni mita 50 kwa sekunde au zaidi, na katika neva za mguu ni mita 40 au zaidi. Kasi ikipungua sana, hushukiwa kwamba ala ya mayelini inayoivika neva imeharibika. Kasi ikibaki karibu na kawaida lakini mwitiko ukawa mdogo, hushukiwa kwamba aksoni zenyewe, yaani nyuzi za ndani ya neva, zimepungua. Hata baridi ina athari: kila nyuzijoto moja inayopungua kwenye ngozi huweza kupunguza kasi kwa takriban mita 2 kwa sekunde. Ndiyo sababu mkono uliopoa hupashwa joto kwanza, ili ubaridi usidhaniwe kuwa ugonjwa.

Sehemu ya pili ni elektromiografia. Hapa sindano nyembamba huingizwa ndani ya msuli, na umeme wa msuli huonekana kwenye kioo na kusikika kupitia kipaza sauti. Msuli mzima uliotulia huwa kimya. Msuli uliokatiwa neva yake huanza, baada ya majuma mawili au matatu hivi, kutoa mishtuko midogo yenyewe, na sauti yake hufananishwa na matone ya mvua juu ya paa la bati. Mgonjwa anapoukaza msuli, mawimbi mafupi na madogo huelekeza kwenye ugonjwa wa msuli wenyewe, ilhali mawimbi makubwa na marefu huelekeza kwenye ugonjwa wa neva ambao umedumu kwa muda. Aidha, kuna kipimo cha kiungio kati ya neva na msuli: neva huchochewa mara 2 au 3 kwa sekunde, na mwitiko ukipungua kwa zaidi ya asilimia 10, mpimaji hufikiria ugonjwa wa miasthenia, ambao humfanya mtu aishiwe nguvu kadiri anavyoutumia msuli.

Ikumbukwe kwamba hakuna mpimaji anayepima neva zote za mwili. Huchagua chache, na huzichagua kwa kufuata maelezo ya mgonjwa. Maelezo hayo ndiyo ramani. Ramani ikiwa na kosa, msafiri hodari hufika haraka mahali pasipo penyewe.

3.0 Neno "Mshipa" na Jamaa Zake

Tuanze na neno lililo mashuhuri zaidi katika uwanja huu. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Mshipa wa damu umepasuka.
b. Mishipa ya fahamu imeathirika.
c. Mshipa wa shingo umenikaza.
d. Mzee yule ana mshipa.
e. Huyu hana hata mshipa wa aibu.

Katika (1a) neno linataja njia ya damu. Katika (1b) linataja neva. Katika (1c) linaweza kutaja msuli au kano. Katika (1d) linataja maradhi ya ngiri. Na katika (1e) limevuka mwili na kuingia katika maadili. Mtu wa haraka angesema kwamba huu ni umaskini wa lugha. Hukumu hiyo si ya haki. Neno mshipa limejengwa juu ya kile jicho linachokiona: kitu chochote chenye umbo la uzi au kamba kipitacho katika nyama. Mtu anayechinja na kuchuna huziona kamba hizo zote, na kwa macho matupu neva na kano hufanana sana.

Lugha nyingine zilipita njia hiyohiyo. Kwa Wagiriki wa kale, neno neuron lilitaja kano kabla ya kutaja neva, na nervus la Kilatini lilibeba maana zote mbili. Neno asabu la Kiarabu nalo linahusishwa na neva na kano vilevile. Ilibidi wapasuaji wa Aleksandria wa karne ya 3 kabla ya Kristo, akina Herophilus na Erasistratus, wapasue miili ndipo neva zitofautishwe na kano. Maana mpya haikuletwa na kamusi. Ililetwa na uchunguzi, kisha lugha ikafuata.

Kiswahili cha kitaalamu kimejibu tatizo hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukopa, tukapata neva. Faida yake ni kwamba neno hili lina maana moja. Upungufu wake ni kwamba wagonjwa wengi hawalitumii wanapoeleza maumivu yao. Njia ya pili ni kuliwekea neno la zamani kivumishi, tukapata mshipa wa fahamu. Istilahi hii inaeleweka upesi, lakini ina kasoro mbili za kisemantiki. Kwanza, fahamu hutaja utambuzi, wakati neva nyingi hupeleka amri ya mwendo kwenye misuli. Kwa hiyo nusu ya kazi ya neva imeachwa nje ya jina lake. Pili, fahamu ndilo neno la "kupoteza fahamu". Mtu aliyeambiwa kwamba mishipa yake ya fahamu imeharibika, ilhali tatizo lake ni ganzi ya vidole viwili, anaweza kurudi nyumbani akihofia akili zake.

Suluhisho si kulifukuza neno moja na kulitawaza jingine. Katika ripoti ya kitaalamu, neva litumike kwa uthabiti. Mbele ya mgonjwa, mshipa liwe daraja: "neva, yaani mshipa unaopeleka hisi na amri". Ufafanuzi wa namna hiyo una maneno machache tu, lakini unataja kazi zote mbili.

4.0 Anwani za Mwili

Tatizo la pili ni la majina ya mahali. Katika Kiswahili, mkono huanzia begani hadi kwenye ncha za vidole, na mguu huanzia kwenye paja hadi kwenye unyayo. Mgonjwa akisema "mkono wangu una ganzi", ametaja wilaya bila kutaja mtaa.

Neno lenye hatari zaidi ni kiwiko. Kwa wasemaji wengine, kiwiko ni pale mkono unapokunjika katikati, mahali ambapo wengine huita kisukusuku au kisigino cha mkono. Kwa wasemaji wengine, kiwiko ni kifundo kinachounganisha kigasha na kiganja, na hao husema pia kiwiko cha mguu. Tofauti hii ya kilahaja ingeweza kuwa mada ya kupendeza ya tasnifu na kuishia hapo, lau mwili usingekuwa na neva mbili zinazobanwa mara nyingi mahali hapo hapo pawili.

Neva ya kati hubanwa kwenye kifundo cha mkono. Mgonjwa wake hulalamikia dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Mara nyingi huamka usiku na kuukung'uta mkono ili ganzi imtoke. Neva nyingine, ambayo kwa Kilatini huitwa ulnaris, hubanwa pale mkono unapokunjika, nyuma ya kifupa cha ndani. Mgonjwa wake hulalamikia kidole cha mwisho na nusu ile nyingine ya kidole cha pete. Hii ndiyo neva inayompiga mtu "shoti" anapojigonga hapo, na ndiyo mojawapo ya neva zinazoshambuliwa sana na ukoma. Barua ya rufaa ikiandikwa tu "neva imebanwa kwenye kiwiko", mwandishi wa pwani na msomaji wa bara wanaweza kuwa na sehemu mbili tofauti vichwani mwao. Gharama ya utata huo huenda isilipwe na mwandishi wala msomaji. Atailipa mwenye mkono.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina utajiri ambao haujatumiwa ipasavyo. Kila kidole kina jina lake. Kuna kigasha, kiganja, kifundo, shavu la mguu, wayo na kisigino. Mpimaji anayeuliza "ganzi iko kidole gani?" hupata jibu bora kuliko anayeuliza "ganzi iko wapi?" Lugha inayo anwani, kinachokosekana ni mazoea ya kuziuliza.

5.0 Vitenzi vya Hisi na vya Amri

Vitenzi vina mtego wao. Kitenzi kusikia katika Kiswahili hubeba sauti, maumivu, njaa, baridi, hata harufu. Katika chumba cha elektromiografia, sindano imo msulini na kipaza sauti kinanguruma. Mpimaji akiuliza "unasikia?", swali lake lina majibu mawili ya kweli. Mgonjwa aliyepoteza hisi anaweza kujibu "ndiyo" kwa kuwa ameisikia mashine. Katika upimaji wa ukoma, njia iliyozoeleka hukwepa mtego huu kwa ustadi. Mgonjwa hufumba macho, kiganja au unyayo wake huguswa kwa ncha ya kalamu, naye hutakiwa kuonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Jibu la kidole halina polisemia.

Mfano wenye funzo kubwa zaidi ni wa kitenzi kukaza. Elektromiografia huhitaji hatua mbili zinazopingana: kwanza msuli ulegee kabisa ili ukimya wake upimwe, kisha ukazwe kidogo kidogo ili mawimbi yake yasomwe. Linganisha:

(2) a. Kaza mkono.
b. Legeza mkono.
c. Jikaze kidogo.

Amri za (2a) na (2b) ni dhahiri. Sentensi ya (2c) ni ya huruma. Ndiyo tunayomwambia mtoto anayechomwa sindano na mfiwa aliye makaburini. Maana yake ni "vumilia". Hata hivyo, kimofolojia imebeba mzizi uleule wa (2a). Muuguzi mwenye moyo mwema akisema "jikaze kidogo, mama" wakati daktari anahitaji msuli uliolegea, mgonjwa mtiifu atajikaza, moyo na msuli pamoja, na ukimya uliotafutwa hautapatikana. Katika hatua hiyo, neno la faraja linalofaa ni "tulia" au "pole, pumua taratibu". Hapa pragmatiki imeacha kuwa somo la darasani. Imekuwa sehemu ya kipimo.

Aidha, viambishi vya njeo na hali vya Kiswahili ni hazina ya uchunguzi. "Kope zimeshuka" na "kope hushuka jioni" si taarifa moja. Ya kwanza, yenye -me-, inaeleza hali iliyokwisha kutokea na ambayo bado ipo. Ya pili, yenye hu-, inaeleza jambo linalokuja na kuondoka, nayo ndiyo sura ya miasthenia. Vivyo hivyo, uradidi hutofautisha mambo: nyama inayo"chezacheza" yenyewe chini ya ngozi si sawa na mkono "unaotetemeka", na miguu "inayochomachoma" si sawa na mguu "unaouma". Mwenye kunukuu maelezo ya mgonjwa kwa lugha nyingine, huku akiandika tu "maumivu" au "udhaifu", ametupa ushahidi ambao sarufi ilikuwa imemkabidhi bure.

6.0 Pale Mashine Inaponyamaza

Yapo maradhi ambayo mashine hii haiyaoni. Upimaji wa kawaida wa upitishaji hupima nyuzi nene za neva. Nyuzi nyembamba, zinazobeba maumivu na joto, haziingii katika kipimo hicho. Mtu mwenye kisukari, au anayeishi na virusi vya UKIMWI, anaweza kusema kwamba "miguu inawaka moto" usiku kucha, na matokeo yake yakasomeka kuwa ya kawaida. Akiambiwa "kipimo hakikuonyesha kitu", anachokisikia ni kwamba haumwi, au kwamba hasadikiki. Kauli sahihi ni nyingine: "nyuzi tulizoweza kuzipima ni nzima, kipimo hiki hakizifikii nyuzi zinazoleta moto unaousema." Kati ya kauli hizo mbili hakuna tofauti ya teknolojia. Kuna tofauti ya lugha, na katika hali hiyo neno la mgonjwa limebaki kuwa shahidi mkuu.

Mfano wa pili unatoka katika vijiji vinavyotegemea muhogo mchungu. Mwaka 1938, daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa uliokuwa ukiwapooza watu miguu yote miwili kwa ghafla katika eneo la Kwango, Kongo. Wazungumzaji wa Kiyaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Ugonjwa wa aina hiyo ulizuka Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1985. Utafiti wa Tarime ulichapishwa mwaka 1990 katika jarida la Brain. Chanzo kinahusishwa na sianidi inayobaki katika muhogo mchungu usioandaliwa kwa muda wa kutosha, hasa wakati wa ukame na njaa, kwa watu ambao chakula chao kina upungufu wa protini.

Katika konzo, neva za mguuni hazina kosa, kwa sababu jeraha liko juu zaidi, kwenye njia ya amri itokayo ubongoni. Mwaka 1996, Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vitatu vya kuutambua: mwendo wa kukakamaa wa miguu yote miwili unaoonekana mtu anapotembea au kukimbia, historia ya kuanza ghafla, katika muda usiozidi wiki moja, kwa mtu aliyekuwa mzima, bila kuendelea kuzidi baadaye, na mishtuko ya magoti au vifundo vya miguu iliyozidi kiasi pande zote mbili, bila dalili za ugonjwa wa mifupa ya mgongo. Ni macho, nyundo ndogo na swali lililoulizwa vizuri. Kigezo cha pili chote ni masimulizi: lilianza lini, lilianzaje, limeongezeka? Jina nalo halikubuniwa na kamati. Watu wa Kwango walieleza walichokiona, na tiba ya dunia nzima ikalichukua neno lao jinsi lilivyo.

7.0 Hitimisho

Mambo matatu yanafuata kutokana na mjadala huu. Kwanza, majina ya viungo yenye maana zinazotofautiana kieneo, kiwiko likiwa mfano mkuu, yanahitaji maafikiano ya wanaisimu na matabibu, na fomu za rufaa ziambatane na mchoro wa mwili ili neno lisibebe mzigo peke yake. Pili, maagizo ya upimaji yanapaswa kuandikwa na kujaribiwa kwa wasemaji halisi, yakizingatia tofauti kama ile ya kaza na jikaze. Tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Tatu, uundaji wa istilahi za tiba uanzie kwa mgonjwa. Maneno ganzi, kuwaka moto, kuchezacheza na kukakamaa tayari ni istilahi. Kinachohitajika ni kuyapa mipaka.

Kiswahili kimekwisha kuonyesha kwamba kinaweza kufundisha fizikia ya umeme na biolojia ya neva. Mtihani uliobaki ni mgumu zaidi, kwa kuwa hausahihishwi kwa kalamu nyekundu. Unafanyika kila siku kati ya watu wawili, mmoja ameshika sindano na mwingine amenyoosha mkono, nao hufaulu au kushindwa kutokana na jinsi wanavyoelewana kabla umeme haujawashwa.